Kipengele cha Saba

Jumatatu, 4 Machi

Chuo chetu cha uuguzi na ukunga hakipo tena. Tangu leo asubuhi sisi ni idara. Tumeunganishwa na chuo cha ufundi, chuo cha kilimo na shule ya ushonaji, na vyote vinne sasa vinaitwa Chuo cha Mkoa. Tumehamishiwa katika kiwanja cha mafundi kwa sababu wao ndio wenye eneo kubwa. Hakuna aliyetuuliza. Barua ilikuja na muhuri wake, tukapewa wiki tatu za kufungasha.

Vitanda vyetu vya mafunzo vilibebwa na tela la trekta la watu wa kilimo, likiwa bado na samadi. Mdoli wetu mkubwa wa kufundishia uzazi, ambaye wanafunzi humwita Shangazi, alipandishwa juu ya mzigo, miguu imepanuliwa, akapitishwa barabara nzima mchana kweupe. Watu walipiga makofi. Mimi nilitembea nyuma ya tela nikiwa nimekumbatia rejesta zangu. Nimetunza kumbukumbu za wanafunzi kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kufedheheshwa kiasi hicho.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimepewa chumba kimoja na mkuu wa idara ya ufundi, bwana mnene aliyekuwa mchomeleaji kabla ya kuwa mwalimu. Watu wote humwita Fundi. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza kando ya jenereta.

“Karibu, dada mkubwa. Kiti hicho usikikalie, mguu mmoja nitauchomelea kesho.”

“Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote. Nitasimama.”

“Simama, ila usiegemee kabati. Nalo nitalichomelea kesho.”

Ijumaa, 8 Machi

Kiti hakijachomelewa. Kabati pia.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimeletewa fomu ya kuhamisha kumbukumbu za wanafunzi kwenye kompyuta ya chuo kipya. Kurasa nne, na makosa ya uandishi yasiyopungua kumi na moja, ambayo nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kuanza kujaza. Kipengele cha saba kilinichemsha damu. “Eleza kwa kifupi mfumo wa alama unaotumika chuoni kwenu.” Wakunga waliosomea kwetu wamejaa katika hospitali zote za mkoa huu. Nusu ya watu wanaokaa katika ofisi hizo walipokelewa duniani na mikono yao. Leo nimweleze mtu alama zetu ni nini?

Nimeandika: “Mfumo wetu unajulikana.” Nikatia saini. Nakala ya kaboni nimeiweka katika jalada, kama ninavyofanya kwa kila karatasi inayotoka mezani pangu.

Nilipomsimulia mzee wangu nyumbani, alicheka mpaka akaweka chini redio aliyokuwa akiitengeneza. “Umewapa dawa yao,” akasema.

Jumatano, 13 Machi

Kila chuo kimekuja na kengele yake, na kila kengele inapigwa kwa saa ya aliyeishika. Leo saa nne asubuhi imefika mara nne.

Ijumaa, 22 Machi

Mkutano wa watumishi wote. Mkuu mpya ana miaka kama arobaini, na viatu vyake vinang'aa hata siku ya tope. Alisema neno “familia” mara kumi na saba, nilihesabu. Nikanyanyua mkono nikamweleza kwamba paa la darasa la uzazi linavuja juu ya kichwa cha mdoli.

“Mama, hilo tutalifanyia kazi.”

Fundi akaninong'oneza, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, “Yaani nitaifanya mimi.”

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua kubwa. Fundi alipanda juu ya paa mwenyewe, kwa umri ule na kwa tumbo lile, akaziba mabati. Nilisema asante. Alijitia hamnazo, ikabidi niseme mara ya pili. Kiti pia kimechomelewa. Sijakikalia bado.

Jumatano, 17 Aprili

Nitaandika taratibu, maana hasira ikinizidi mwandiko wangu hausomeki.

Asubuhi matokeo ya mihula mitatu yalibandikwa ubaoni. Kwa matokeo hayo ndiyo wanafunzi wetu wa mwaka wa mwisho huchaguliwa kwenda hospitali kwa mazoezi ya wodini, ambayo yanaanza Jumatatu tarehe 6 Mei. Asiyekwenda amepoteza mwaka. Nilikuwa ninapanga vitabu nikasikia mtu amesimama mlangoni bila kubisha. Alikuwa Mama Pacha.

Ni mwanafunzi bora niliyemwandika katika rejesta kwa miaka sita. Ana umri wa miaka thelathini na minne na ana watoto pacha wanaolelewa na mama yake. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mfagizi katika wodi ya wazazi. Alipiga deki chumba cha kujifungulia kwa miaka tisa, akitazama, mpaka siku moja aliweka ndoo chini akaenda kuomba nafasi ya kusoma.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Mbona macho mekundu?”

“Nimefeli.”

“Nani amekwambia?”

“Imeandikwa. Nirudie mwaka.” Akanipa barua, imelowa. “Naona ni haki tu, Bibi. Ni kompyuta. Kompyuta haina chuki na mtu.”

Niliisoma. Chini ya jina lake zilikuwepo alama moja, moja, mbili, moja, moja. Pembeni pameandikwa: “Hairidhishi.”

Nikafungua rejesta yangu. Moja, moja, mbili, moja, moja. Zilikuwa alama zake halisi, nilizoziandika kwa mkono wangu. Lakini kwetu, tangu chuo kilipofunguliwa, moja ndiyo alama bora na tano ni kufeli. Ofisini wamezisoma kinyume. Wamewachukua wanafunzi wetu wazuri wote wakawatupa, na waliokuwa mkiani wamewabeba mabegani. Yule kijana anayeitwa Usingizi, ambaye hajamaliza kipindi kimoja macho yakiwa wazi, amepata barua ya pongezi!

Nilivuka uwanja kwenye mvua bila mwavuli. Katika ofisi ya kumbukumbu kuna binti mmoja tu, umri wa mjukuu wangu wa kwanza, anatafuna ubani mbele ya kompyuta, na ndoo mbili zimekinga maji ya paa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Usiniamkie. Umefanya nini na wanafunzi wangu?”

“Mimi naingiza nilichopewa.”

“Ulipewa nini?”

“Namba.”

“Na maelezo ya namba?”

“Sikumbuki, Bibi. Mafomu yalikuwa mengi, na mengine yamelowa.”

Nilimwambia kwamba ujinga hauponi kwa kukalishwa kwenye kiti cha kuzunguka. Nilimwambia kwamba mama wa watoto wawili analia kwa sababu ya uvivu wake. Palikuwa na wanafunzi wanane wamejipanga mlangoni, na wote walisikia. Binti aliacha kutafuna. Hakujibu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwandikia Mkuu barua ya kurasa tatu. Nimesema kwamba fomu ya chuo chetu ilijazwa kikamilifu, na kwamba karani wa kumbukumbu aliipuuza. Nakala iko katika jalada.

Ijumaa, 19 Aprili

Hakuna jibu. Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili

Hakuna jibu. Nilimkuta Usingizi akipima sare mpya ya hospitali kwa washonaji. Nikamwuliza kama haoni aibu.

“Bibi, mimi nilijua tu kuna siku juhudi zangu zitaonekana.”

Alhamisi, 25 Aprili

Mama Pacha amerudi hospitali kufanya kazi ya usafi. Wamempokea kwa furaha, nasikia, na wamempa ndoo ile ile. Nilipoambiwa nilishindwa kumaliza chakula. Mzee wangu alisema, “Wakalie kooni.” Nimewakalia kooni wiki nzima! Wanameza tu.

Jumatatu, 29 Aprili

Mkuu ameniita. Safari hii alisimama nilipoingia, akanivutia kiti.

Alisema amefuatilia. Fomu yetu halisi haionekani. Binti wa kompyuta ameshasimamishwa kazi tangu Ijumaa kwa kuipoteza. Matokeo yamekwisha kupelekwa ngazi za juu, na hayabadilishwi mpaka ioneshwe kosa limetoka wapi.

“Lakini Mama, wewe unajulikana mkoa mzima. Neno lako linatosha. Weka saini hapa, kwamba maelezo mliyatoa na karani hakuyafuata. Leo hii naandika barua, na Jumatatu mwanafunzi wako yuko wodini.”

“Na karani?”

“Mkataba wake tunausitisha. Lazima mtu awajibike.”

Niliona ni haki. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyoona. Nikamwambia asubiri nikamletee nakala yangu ya kaboni, ili jalada lake liwe kamili. Sikupenda kutia saini kitu kisicho na kiambatisho. Ni mazoea yangu.

Nilifungua jalada, nikaitoa nakala, nikatafuta kipengele cha saba.

“Mfumo wetu unajulikana.”

Nilikaa. Kwa mara ya kwanza nilikikalia kile kiti cha Fundi. Kilinibeba vizuri. Nilisoma mstari ule labda mara ishirini nikitafuta mahali nilipoandika kwamba moja ndiyo bora. Siku ile nilisahihisha makosa kumi na moja ya fomu yao, nikaacha jambo moja lililoulizwa.

“Kuna msiba, dada mkubwa?” Fundi aliuliza.

Nikampa karatasi. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

“Hii,” akasema taratibu, “ni ‘mtajua wenyewe’ iliyovaa tai.”

Sikurudi kwa Mkuu. Nilituma ujumbe kwamba nitakwenda kesho.

Jioni nilimweleza mzee wangu. Alinisikiliza akiwa ameshika bisibisi.

“Fomu yenyewe imepotea,” akasema. “Nakala unayo wewe tu. Kiberiti kiko jikoni.”

Nilimtazama.

“Nakutania,” akasema. Kisha akainamia redio yake. “Au sikutanii. Utachagua mwenyewe.”

Si jambo jepesi. Nikitia saini, Mama Pacha anaingia wodini Jumatatu. Nikisema kweli, suala linakwenda kwenye bodi, bodi inakutana tarehe wanayoitaka wao, na yeye anaendelea na ndoo. Nimefikiri pia juu ya yule binti. Hakunijibu siku ile. Kama angenijibu vibaya leo ningelala vizuri zaidi.

Jumanne, 30 Aprili

Sikulala vizuri. Nilifika chuoni kabla ya kengele ya kwanza kati ya zile nne. Fundi alikuwa amefika, amevaa koti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

“Twende,” akasema.

“Wewe unakwenda kufanya nini?”

“Kipengele cha saba. Mimi niliandika ‘Kama kawaida’. Nilikuwa na haraka, nina geti la watu nalichomelea.”

Tukaenda pamoja. Niliweka nakala yangu juu ya meza ya Mkuu, nikaeleza bila kuzunguka kwamba barua yangu ya kurasa tatu ilisema uongo, ijapokuwa nilipoiandika sikujua. Mkuu aliisoma nakala. Akafungua kabati, akatoa fomu za idara nyingine tatu. Ya mafundi: “Kama kawaida.” Ya washonaji: “Ule ule.” Ya kilimo: kistari kirefu kilichopigwa kwa rula.

Vyuo vinne, walimu wenye mvi wanne, na hakuna mmoja aliyewaza kwamba ng'ambo ya ukuta wake watu wanahesabu vingine. Yule binti alipewa namba tupu kutoka kila upande, akazisoma kama zilivyosomwa katika shule aliyosoma yeye. Angefanya nini kingine?

Ndipo nilipoona, chini ya kila fomu, mahali pa mwisho: “Nimesoma na nimeridhika.” Na saini. Ilikuwa ya Mkuu mwenyewe, tatu kati ya tatu, na wino mmoja.

Hasira yangu ilirudi, na nashukuru kwamba ilirudi, maana nilikuwa nimeanza kulegea. Nikamwambia: “Bwana Mkuu, tuko watu watano tuliokosa. Wanne hatukuandika, wa tano hukusoma. Aliyefukuzwa ni wa sita, ambaye ni mdogo kuliko sisi sote na ndiye pekee aliyefanya kazi yake. Ukimrudisha leo na ukaandika barua ya wanafunzi wangu leo, mimi nitaweka saini chini ya kosa langu kwa herufi kubwa. Usipofanya hivyo, ninazo nakala. Mimi ni mtu wa nakala.”

“Mama, bodi itauliza—”

“Iulize,” Fundi akadakia. “Kosa likiwa letu sote, nani atamwandikia nani barua ya onyo?”

Mkuu alitazama viatu vyake. Halafu akavuta karatasi.

Barua imeandikwa mbele yetu. Lakini lazima ipite kwenye bodi. Hapo hakuna aliyeweza kunisaidia. Jumatatu itapita.

Ijumaa, 3 Mei

Binti amerudi kazini. Nilimtukana mbele ya wanafunzi wanane, kwa hiyo nilitafuta wanafunzi wanane, nikawapanga mlangoni, nikamwomba radhi. Alitazama chini muda wote.

“Basi, Bibi. Yameisha.”

“Hayajaisha. Ninataka uniambie umenisamehe au hujanisamehe.”

“Nusu,” akasema.

Ni jibu sahihi. Nimelikubali.

Jumatatu, 6 Mei

Wanafunzi waliochaguliwa wameingia wodini leo. Mama Pacha amepiga deki ukumbi waliopitia. Usingizi alikuwa miongoni mwao, amevaa sare mpya. Nimeandika barua nyingine kwa bodi.

Alhamisi, 9 Mei

Bodi imepitisha. Siku tisa! Karatasi moja, muhuri mmoja, na watu wazima saba wamehitaji siku tisa. Mwanafunzi wangu ataanza Jumatatu, na wiki aliyoipoteza ataifidia wakati wa likizo, yeye na wenzake kumi na wawili walioangushwa pamoja naye, utadhani ni wao waliokosa. Nimelalamika kwa maandishi.

Usingizi amerudishwa darasani. “Hata mimi niliona kama ndoto,” akasema.

Ijumaa, 10 Mei

Nilikwenda hospitali mwenyewe kumpelekea Mama Pacha barua. Nilimkuta ngazini, amekunja mikono ya gauni, anakamua tambara. Aliisoma amesimama, midomo ikitembea. Nikamweleza yote, pamoja na kipengele cha saba. Nilitarajia anikasirikie. Ningemheshimu zaidi.

“Kwa hiyo sikufeli?” akauliza.

“Hukufeli hata siku moja. Hivi hukushangaa? Wewe unazijua alama zako. Nilikupa mkononi kila muhula.”

“Nilishangaa siku ya kwanza tu, Bibi. Hapa nimepiga deki miaka tisa. Mtu akiniambia sifai, ni rahisi kuamini.”

Nilichukua ndoo yake nikaibeba mpaka chini, na yeye akawa anakimbia nyuma yangu, “Bibi, acha, Bibi, watu wanatazama!” Watazame.

Jumanne, 21 Mei

Fomu yetu halisi imepatikana. Ilikuwa chini ya ndoo ya kukingia maji ya paa, pamoja na masahihisho yangu yote mekundu, yamechujuka.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekatika. Kengele zimebaki mbili.

Leo tumepewa fomu upya, idara zote, kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka ujao. Makosa ya uandishi yamebaki tisa. Nimeyaacha kama yalivyo, nikaanza moja kwa moja na kipengele cha saba. Nimeandika kwamba kwetu moja ndiyo alama bora, mbili ni nzuri, tatu ni wastani, nne ni dhaifu na tano ni kufeli. Nafasi iliisha nikaendelea nyuma ya karatasi. Nimeandika kama mtu anayemwandikia asiyenijua kabisa, kwa sababu huyo ndiye atakayeisoma. Fundi aliazima yangu ili anakili. Nilimwambia yake ianze na tano, maana kwa mafundi tano ndiyo bora. Akasema anajua, yeye si Mkuu.

Niliipeleka mwenyewe kwa binti. Aliisoma yote mbele yangu, mpaka nyuma.

“Hapa umerudia, Bibi. Umesema mara mbili moja ndiyo bora.”

“Acha hivyo hivyo.”

Nilipokuwa ninatoka akanipa kikaratasi kilicholetwa na gari la hospitali, kimekunjwa mara nne. Mwandiko ni wa Mama Pacha. Mtoto akizaliwa, wakunga humtazama anavyopumua, anavyolia na rangi aliyonayo, kisha humpa alama. Kikaratasi kilikuwa na mistari miwili tu:

“Bibi, leo nimempokea mtoto wangu wa kwanza kwa mikono yangu. Amepata tisa.

(Kumi ndiyo bora.)”